Kusanifu Hali ya Kuzimwa: Mwongozo Kamili wa Vitufe, Fomu na Menyu Zisizobonyezeka

Fungua programu yoyote iliyopita mikononi mwa timu kadhaa, kisha tazama jinsi vitu visivyobonyezeka vilivyochorwa. Kwenye ukurasa wa kuingia, kitufe kimepakwa kijivu. Kwenye mipangilio, kitufe cha aina ileile kimefifishwa tu, bluu yake imekuwa bluu mpauko. Kwenye orodha ya faili kimebaki na rangi yake kamili, ila ukikigusa kinanyamaza. Mtumiaji hana njia ya kujua kama kile kijivu kina maana tofauti na ule mpauko, wala si kazi yake kubashiri. Anachokiona ni programu isiyomsikia.

Vurugu hii huanza mapema kuliko rangi. Huanza pale ambapo kila mbunifu na kila msanidi ana jibu lake kwa swali moja: kitu hiki kimezimwa kwa nini? Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye maana, ukaja kwenye rangi, halafu tabia, maelezo na majaribio. Ukianzia kwenye rangi utapata programu yenye kijivu kimoja kinachosema mambo matano.

## Hatua ya 1: Amua kama kitu kizimwe kweli

Kitu kisichoweza kutumika kwa sasa kina njia nne. Unaweza kukificha, kukionyesha kama maandishi ya kusoma tu, kukiacha hai na kumweleza mtumiaji akikosea, au kukizima. Timu nyingi hukimbilia hiyo ya nne kwa sababu ndiyo rahisi kuandika. Mimi huiweka ya mwisho.

Ficha kitu ambacho mtumiaji huyu hataweza kukitumia kwa akaunti aliyo nayo. Mwanachama asiye na ruhusa ya kufuta mradi hana haja ya kuonyeshwa kila siku kitufe cha "Futa mradi" kilichofifia, maana hakuna atakalofanya kikawa hai. Kama anaweza kuomba ruhusa hiyo, mambo yanabadilika: kionyeshe, na kando yake weka njia ya kuiomba.

Tumia maandishi ya kusoma tu kwa taarifa ambayo mtu anahitaji kuiona, kuinakili au kumsomea mhudumu kwa simu, kama namba ya akaunti au anwani ya baruapepe iliyokwisha kuthibitishwa. Kuiweka taarifa hiyo ndani ya kisanduku cha kujazia kilichofifishwa ni kumnyima mara mbili: haisomeki vizuri, na mara nyingi haikubali hata kuteuliwa ili inakiliwe.

Zima pale ambapo kitu kitaweza kutumika muda si mrefu, mtumiaji mwenyewe au saa ndiyo itakayokiwezesha, na kuwapo kwake kunamwonyesha uwezo ambao asingeujua. "Tendua" kabla hujabadilisha chochote. "Hamisha" kabla hujachagua faili. "Tuma namba tena" inayosubiri sekunde 60 ziishe. Hapa nafasi ya kitufe nayo ina thamani, kwa sababu mkono huzoea mahali. Vitufe vinavyotokea na kutoweka huusukuma upau mzima huku na huku, na mtu akabonyeza asichokusudia.

Inabaki kesi yenye mabishano mengi kuliko zote: kitufe cha kutuma fomu. Mazoea ni kukizima mpaka kila sehemu ijazwe sawasawa. Fikiria anayeijaza. Amejaza sehemu kumi, kitufe bado kimefifia, na skrini haisemi lolote. Huenda namba ya simu ina nafasi katikati. Huenda kivinjari kimemjazia jina na anwani lakini msimbo wa fomu haukutambua. Anayekuza skrini ili aone anaona pembe moja tu ya ukurasa, na sehemu yenye kasoro iko nje ya macho yake. Anayetumia kibodi anabonyeza Tab na kuruka kitufe chote, kwa hiyo anaweza asijue kabisa kwamba fomu ina kitufe cha kutuma.

Kiache hai. Kikibonyezwa, kagua fomu nzima, andika kosa chini ya kila sehemu yenye kasoro, kisha peleka fokasi (yaani mahali ambapo kibodi inafanyia kazi) kwenye kosa la kwanza. Naiachia nafasi fomu ya sehemu moja tu, kama kisanduku cha ujumbe chenye "Tuma" pembeni: kisanduku kikiwa kitupu na kitufe kikafifia, sababu iko palepale machoni.

## Hatua ya 2: Kusanya vilivyopo

Kabla ya kuchora kipya, pitia programu skrini kwa skrini na upige picha ya kila kitu kilichozimwa. Weka picha hizo kwenye jedwali moja, na mbele ya kila moja andika vitu vitatu: ni kijenzi gani (kitufe, swichi, kisanduku na kadhalika), kimezimwa kwa sababu gani, na mtumiaji afanye nini ili kiwe hai. Safu ya tatu ikibaki tupu, kitu hicho kimeshindwa mtihani wa hatua ya kwanza na kinapaswa kurudishwa huko. Kwa kawaida jedwali hili hupungua sana kabla hata hujagusa rangi.

## Hatua ya 3: Tenganisha hali zinazochanganywa

Hali nne hupewa kijivu kimoja ilhali ni nne kweli.

Kilichozimwa hakifanyi kazi sasa, ila kitafanya sharti fulani likitimia. Cha kusoma tu kina thamani kamili, inasomeka na inanakilika, ila haibadilishwi. Kinachoshughulikiwa kimekwisha kubonyezwa na programu iko kazini. Kilichofungwa kwa ruhusa kinahitaji mtu mwingine au mpango mwingine wa akaunti.

Kila moja ipate sura yake. Cha kusoma tu kiwe na maandishi ya rangi ya kawaida, bila mandharinyuma ya kisanduku cha kujazia. Kinachoshughulikiwa kibaki na rangi yake na kioneshe kiashiria kinachozunguka, pamoja na maneno kama "Inatuma…". Kilichofungwa kwa ruhusa kibebe ikoni ya kufuli na kibaki kikibonyezeka, kisha kikibonyezwa kimweleze mtu nani mwenye ufunguo. Ukishatenganisha hivi, kijivu kinabaki na maana moja pekee: subiri sharti.

Tofauti hii ina uzito hata ndani ya msimbo. Katika HTML, sehemu yenye `disabled` haipelekwi fomu inapotumwa, na Tab huiruka. Sehemu yenye `readonly` hupelekwa na hupokea fokasi. Ukizichanganya, thamani uliyodhani imefika kwenye seva haitafika. Kumbuka pia kwamba `readonly` haina nguvu kwenye visanduku vya tiki, vitufe vya redio wala orodha kunjuzi. Huko, thamani isiyobadilishwa iandike kama maandishi ya kawaida.

## Hatua ya 4: Chagua rangi, kisha uzifunge kwenye tokeni

Kuna njia mbili za kufifisha. Ya kwanza ni kupunguza uzito wa kijenzi kizima kwa `opacity`. Ya pili ni kuchagua rangi kamili za hali ya kuzimwa.

Ya kwanza inavutia kwa sababu ni mstari mmoja, lakini kasoro zake hujitokeza haraka. Kitufe kilichofifishwa huonyesha kilicho nyuma yake, kwa hiyo kitufe kilekile kinakuwa na rangi moja juu ya nyeupe, nyingine juu ya picha, na nyingine tena juu ya kadi ya rangi. Kikiwa ndani ya kundi ambalo nalo limefifishwa, asilimia huzidishana: nusu ya nusu inakuwa robo, na maandishi yanapotea. Ukifuata njia hii, fifisha mara moja tu, kwenye ngazi moja, na uandike ni ngazi ipi.

Napendelea njia ya pili. Tokeni, yaani majina ya kudumu yanayobeba thamani za rangi, zikiwa nne zinatosha karibu programu yote:

```css
:root {
  --maandishi-yaliyozimwa: #6E6E6E;
  --mandhari-iliyozimwa: #F2F2F2;
  --mpaka-uliozimwa: #C4C4C4;
  --ikoni-iliyozimwa: #8A8A8A;
}
```

Kwenye mandhari ya giza majina ni yaleyale, thamani ndizo zinazobadilika. Usizipate kwa kugeuza tu nyeupe kuwa nyeusi. Kijivu kilichotulia kwenye mwanga kinaweza kung'aa kuliko kitufe hai juu ya giza, kwa hiyo vitazame viwili hivyo kimoja kando ya kingine kabla ya kuamua.

Sasa suala la usomekaji. Mwongozo wa WCAG wa kufanya wavuti ifikike na watu wote, ambao toleo lake la 2.2 lilitolewa mwaka 2023 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka uwiano wa mwanga wa angalau 4.5:1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na 3:1 kwa maandishi makubwa na kwa mipaka ya vijenzi. Vijenzi vilivyozimwa vimesamehewa sharti hilo. Msamaha huu umewafanya wengi waende kwenye kijivu ambacho hakisomeki kabisa juani au kwa macho yaliyochoka.

Chukua mfano wa desturi iliyozoeleka ya Material Design, mfumo wa usanifu wa Google, ya kuweka `opacity` ya maandishi yaliyozimwa kwenye asilimia 38 na mandhari ya kitufe kwenye asilimia 12. Nyeusi ya asilimia 38 juu ya nyeupe inatoa takriban #9E9E9E, uwiano wa karibu 2.7:1. Ndani ya kitufe chenye mandhari ya asilimia 12, uwiano unashuka hadi karibu 2.6:1. Kanuni haijavunjwa, na bado mtu aliyepungukiwa na uoni hawezi kusoma kitufe hicho kinaitwaje.

Kwangu msamaha si sababu ya kuandika kisichosomeka. Jina la kitufe kilichozimwa bado ni taarifa: linamwambia mtu programu ina uwezo gani. Rangi nilizoweka hapo juu, #6E6E6E juu ya #F2F2F2, zinatoa takriban 4.6:1. Zinasomeka, na kitufe bado kinaonekana kimelala kikikaa kando ya kitufe chenye rangi ya chapa. Hofu ya wabunifu ni kwamba kitufe kinachosomeka kitadhaniwa ni hai. Hofu hiyo ina msingi pale tu ambapo vitufe vyako hai vya daraja la pili navyo ni vya kijivu. Dawa yake ni kuondoa kijivu kwenye vile vilivyo hai: vipe mpaka wa rangi ya chapa, na kijivu ukiachie kazi yake moja.

Usiiachie rangi mzigo wote. Ondoa kivuli cha kitufe kilichozimwa, ondoa mabadiliko ya rangi kipanya kinapopita juu yake, na usikipe mwitikio wa kubonyea. Kosa la kawaida hapa ni kusahau kuizuia `:hover`, kitufe kilichofifia kikawaka ghafla kwa kupitiwa tu. Andika hivi:

```css
.kitufe:hover:not(:disabled):not([aria-disabled="true"]) {
  background: var(--chapa-nzito);
}

.kitufe:disabled,
.kitufe[aria-disabled="true"] {
  color: var(--maandishi-yaliyozimwa);
  background: var(--mandhari-iliyozimwa);
  border-color: var(--mpaka-uliozimwa);
  box-shadow: none;
  cursor: not-allowed;
}

@media (forced-colors: active) {
  .kitufe[aria-disabled="true"] {
    color: GrayText;
    border-color: GrayText;
  }
}
```

Kipande cha mwisho ni kwa wanaotumia Windows kwenye hali ya rangi za kulazimishwa, ambako rangi zako zote hutupwa na za mtumiaji zikachukua nafasi. Kitufe chenye `disabled` halisi hupewa `GrayText` na kivinjari chenyewe. Chenye `aria-disabled`, ambayo ni tamko tu la kuzimwa (tazama hatua ya 6), hakipewi, na kitaonekana hai kabisa usipoandika mistari hiyo.

Na uachane na `pointer-events: none` kama njia ya kuzima. Inazuia kipanya na kidole, ila kibodi inapita. Tena inaua hata kile kielekezi cha `not-allowed` ulichoweka, kwa sababu kijenzi hakipokei tena kipanya.

## Hatua ya 5: Pitia kijenzi kimoja kimoja

Vitufe ndivyo vyepesi. Ugumu uko kwa vijenzi vinavyobeba thamani.

Swichi, kisanduku cha tiki na kitufe cha redio vina maswali mawili kwa wakati mmoja: kimewashwa au la, na kinabadilika au la. Hali ya kuzimwa haipaswi kulifuta jibu la swali la kwanza. Ukipaka kijivu kilekile swichi iliyowashwa na isiyowashwa, mtu hatajua kama arifa zake zinakuja au haziji. Tiki ibaki inaonekana wazi, kidole cha swichi (kile kiduara kinachoteleza) kibaki upande wake, na swichi iliyowashwa iwe na kijivu kizito kuliko isiyowashwa. Chora zote nne kwenye mfumo wa usanifu: imewashwa na hai, haijawashwa na hai, imewashwa na haibadiliki, haijawashwa na haibadiliki.

Sehemu ya kujazia ina lebo, thamani, maandishi ya mfano na maelezo ya chini. Fifisha kisanduku na thamani yake, lakini lebo na maelezo viache kwenye rangi ya kawaida. Hivyo ndivyo vitakavyomweleza mtu kwa nini sehemu hiyo imefungwa. Timu nyingi hufifisha kundi zima na kufifisha maelezo pamoja nalo.

Katika menyu, vichupo na orodha za kuchagua, kipengele kilichozimwa kibaki kinafikika kwa vishale vya kibodi. Mwongozo wa W3C wa mifumo ya ARIA, yaani sifa za msimbo zinazoeleza vijenzi kwa programu saidizi, unaruhusu jambo hili kwa vijenzi vya aina hiyo, na lina mantiki: anayetumia kisoma-skrini, programu inayosoma skrini kwa sauti, husikia menyu ina vipengele vinane na kimojawapo hakipatikani kwa sasa, badala ya kusikia saba bila kujua kuna cha nane.

Kiungo hakizimiki. HTML haina `disabled` kwa kiungo. Ukiiondoa `href` kinabaki maandishi, na mara nyingi hicho ndicho unachokitaka: andika maandishi ya kawaida. Kama kuna sababu ya dhati ya kukionyesha kama kiungo kisichofanya kazi, kipe `role="link"` na `aria-disabled="true"`.

Kalenda ya kuchagua tarehe inastahili neno. Siku zisizochagulika zinaweza kuwa nyingi kuliko zinazochagulika, na kama sababu ni zaidi ya moja (siku iliyopita, siku iliyojaa), kijivu kimoja hakitoshi. Siku iliyojaa ikatwe kwa mstari juu ya tarakimu, iliyopita ififishwe, na ufunguo wa alama hizo uwe chini ya kalenda.

## Hatua ya 6: Amua tabia, kisha uiandike kwenye msimbo

Kwenye wavuti uamuzi mkubwa ni kati ya `disabled` na `aria-disabled="true"`. Ya kwanza ni kufuli la kivinjari: kitufe hakibonyezeki, hakipati fokasi, na kisoma-skrini kinapokifikia hutamka kwamba hakipatikani. Ya pili ni tamko tu. Kisoma-skrini husema kitufe hakipatikani, lakini kitufe bado kinapokea fokasi na kubonyezwa, na kazi ya kukizuia ni yako.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kama mtu anahitaji kufika kwenye kitufe ili ajue kipo na asikie sababu, tumia `aria-disabled`. Kama ni sehemu ndogo ambayo sababu yake imeshaelezwa juu yake, `disabled` inatosha. Kwa kundi zima la fomu, `fieldset` yenye `disabled` huzima kila kilichomo isipokuwa vilivyo ndani ya `legend` yake ya kwanza, na inakuokoa na kuzima kimoja kimoja.

Mfano wa kitufe kinachofikika:

```html
<button type="button" id="hamisha"
        aria-disabled="true"
        aria-describedby="sababu-hamisha">Hamisha</button>
<p id="sababu-hamisha">Chagua angalau faili moja ili uihamishe.</p>
```

```js
const kitufe = document.getElementById('hamisha');

kitufe.addEventListener('click', (tukio) => {
  if (kitufe.getAttribute('aria-disabled') === 'true') {
    tukio.preventDefault();
    return;
  }
  hamishaFaili();
});
```

Kama kitufe hicho ni cha kutuma fomu, kizuizi kiwe kwenye tukio la `submit` la fomu yenyewe pia. Zipo njia nyingine za kuituma, na fomu haipaswi kutegemea kitufe kimoja kuilinda.

Kwenye Android, `setEnabled(false)` ikiwekwa kwenye kundi la vijenzi haiwashukii watoto wake. Kila kijenzi kilicho ndani kizimwe chenyewe, au uandike kijenzi chako kitakachofanya hivyo. Kwenye SwiftUI, zana ya Apple ya kuunda violesura, ni kinyume: `.disabled(true)` ya mzazi huwashukia wote, na mtoto hawezi kujitoa kwa `.disabled(false)`. Kwa UIKit, zana ya Apple iliyoitangulia, kijenzi ulichokichora mwenyewe kinahitaji sifa ya `.notEnabled` ili VoiceOver, kisoma-skrini cha Apple, ikitambue. Kwenye Flutter, zana ya Google ya programu za majukwaa mengi, kitufe huzimika kwa kupewa `onPressed: null`, na hapo ndipo kosa la kimyakimya hujificha: aliyesahau kuunganisha kazi anapata kitufe kilichozimwa bila kukusudia. Timu moja inayotengeneza programu kwa majukwaa zaidi ya moja iandike tofauti hizi mahali pamoja.

## Hatua ya 7: Sema sababu, na useme la kufanya

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayoijali kuliko zote. Kitufe kilichozimwa bila maelezo ni mlango uliofungwa bila mtu wa kuulizwa.

Maelezo yawe maandishi yanayoonekana, karibu na kitu chenyewe. Kidokezo kinachotokea kipanya kikipita juu hakitoshi. Skrini ya kugusa haina kupita juu, na kitufe chenye `disabled` hakipati fokasi, kwa hiyo anayetumia kibodi hatakiona kidokezo hicho kamwe. Kidokezo kiwe nyongeza kwa kitufe chenye `aria-disabled`, kisiwe makazi pekee ya sababu.

Andika sentensi inayoanza na kitendo ambacho mtu anaweza kukifanya. "Kipengele hiki hakipatikani" ni kurudia kile ambacho rangi imeshasema. "Huna vigezo" inamlaumu bila kumwonyesha njia. Linganisha na hizi: "Chagua angalau faili moja ili uihamishe." "Thibitisha baruapepe yako kwanza, kisha utaweza kualika wenzako." "Unaweza kuomba namba nyingine baada ya sekunde 42." Kila moja inabeba sharti na matokeo yake.

Sababu zikiwa nyingi, onyesha kwanza ile ambayo isipoondolewa, kutimiza nyingine hakusaidii. Mtu ambaye hajachagua faili na pia hana nafasi ya kuhifadhi aambiwe kuhusu nafasi, maana kuchagua faili hakutamsaidia. Ukimwambia kimoja kwa kimoja, anatimiza sharti la kwanza na kukuta lingine linamsubiri, na hapo imani yake kwa programu inapungua.

Jina la kitufe lenyewe lisibadilike kwa sababu kimezimwa. "Hamisha" ibaki "Hamisha". Anayekariri maneno, na anayeamuru simu kwa sauti, wote wanategemea jina hilo.

## Hatua ya 8: Shughulikia mpito

Kitufe hupitia wakati wa kuwa hai na wakati wa kuzimwa, na makosa mengi huishi katikati.

Kikigeuka hai, kigeuke papo hapo sharti linapotimia, si baada ya mtu kutoka kwenye sehemu ya kujazia na kugusa mahali pengine. Ukubwa na nafasi yake visibadilike. Kama unene wa herufi unaongezeka kitufe kikiwa hai, tenga upana wake tangu mwanzo. Mabadiliko ya rangi yawe mafupi na yaheshimu `prefers-reduced-motion`, chaguo la mtumiaji la kupunguza miondoko. Kwa anayetumia kisoma-skrini, badilisha maandishi ya sababu ndani ya eneo lenye `role="status"`, ili asikie "Faili 3 zimechaguliwa" bila kuhamishwa mahali alipo.

Kubonyeza mara mbili ni tatizo halisi: ombi moja linakwenda mara mbili. Jibu la haraka ni kukizima kitufe kwa `disabled` mara kinapobonyezwa, ila hapo fokasi iliyokuwa juu yake inapotea, na anayetumia kibodi anaweza kujikuta mwanzo wa ukurasa. Tumia `aria-disabled` wakati kazi inaendelea, huku kitufe ukikiachia rangi yake ya kawaida kama ilivyo katika hatua ya 3, puuza mibonyezo inayofuata, onyesha "Inatuma…", na kazi ikishindikana kirudishe hai pamoja na ujumbe wa kosa. Usisahau hali ya kushindikana. Mtandao ukikatika na kitufe kikabaki kimelala, mtu hana njia nyingine zaidi ya kufunga programu na kupoteza alichoandika.

## Hatua ya 9: Linda upande wa seva

Kuzima kitufe si ulinzi. Yeyote anayeweza kufungua zana za wasanidi kwenye kivinjari anaweza kuiondoa `disabled` kwa sekunde chache, au kutuma ombi bila kupitia kiolesura. Kila sharti ulilolionyesha kwa kijivu likaguliwe tena kwenye seva, na seva ikikataa, irudishe sababu ileile kwa maneno yaleyale aliyoyaona mtumiaji. Uthabiti unahusu hata hapo.

## Hatua ya 10: Andika kanuni, kisha pima

Kwenye mfumo wa usanifu, kila kijenzi kiwe na ukurasa unaoonyesha hali zake zote zikiwa kando kwa kando: ya kawaida, ya kupitiwa na kipanya, yenye fokasi, iliyobonyezwa, iliyozimwa, ya kusoma tu, inayoshughulikiwa, yenye kosa. Chini yake andika lini kizimwe na lini kisizimwe, tokeni zinazotumika, kama kinapokea fokasi, na sentensi ya mfano ya sababu. Msanidi asiye na sentensi ya mfano ataandika "Haipatikani".

Halafu pima kwa mikono. Sukuma kipanya pembeni na uzunguke ukurasa kwa Tab pekee: je, umefika kwenye kila kitu unachopaswa kujua kipo? Washa kisoma-skrini, ufumbe macho, usikilize kama sababu inatamkwa baada ya jina la kitufe. Geuza skrini iwe nyeusi na nyeupe, uone kama bado unatofautisha kilichozimwa na cha daraja la pili. Punguza mwangaza wa simu na utoke nje kwenye jua. Washa mandhari ya giza. Kuza maandishi hadi asilimia 200, uone kama sababu bado iko karibu na kitufe au imesukumwa nje ya skrini.

Mwisho mpe programu mtu ambaye hakuwamo kwenye kazi hii. Mwonyeshe kitu kilichozimwa na umuulize kwa nini hakibonyezeki, na angefanya nini ili kibonyezeke. Usimsaidie. Akijibu la kwanza akashindwa la pili, rudi hatua ya 7 uiandike upya sentensi. Akishindwa yote mawili, rudi hatua ya 1.

Kwa programu ya zamani yenye skrini nyingi, usijaribu kubadilisha yote kwa toleo moja. Anza kwa kuongeza sentensi za sababu kwenye zile skrini ambazo watu huomba msaada mara nyingi, kwa kuwa haihitaji kugusa vijenzi. Zifuate tabia za kibodi na kisoma-skrini. Rangi ziingie mwisho, zote kwa pamoja kupitia tokeni, ili pasiwe na wiki ambayo nusu ya programu inatumia kijivu cha zamani na nusu nyingine kipya.